Ngano, Maziwa na Asilimia 50: Barua kwa Mpwa Aliyeko Pune

Tanga,
18 Oktoba 2025

Mpwa wangu mpendwa,

  Mama yako ameniagiza nikwambie kwamba dagaa wamefungwa vizuri safari hii, hawatanuka kwenye mizigo ya watu, na kwamba uache kukesha na vitabu.

Swali lako nimelisoma nikalirudia. Umepewa insha juu ya India na Marekani, na kinachokutatiza ni namna demokrasia mbili kubwa kuliko zote duniani zilivyofika mahali moja ikatoza bidhaa za mwenzake ushuru wa asilimia 50 mwaka huu wa 2025. “Si walikuwa marafiki, mjomba?” umeniuliza. Ukaongeza kwamba mimi niliyezeekea kwenye uwakala wa forodha nikueleze ushuru huo unavyofanya kazi.

Nianze na ushuru, maana ndio ulionilisha. Watu wengi, hata watangazaji wa redio, huzungumza kana kwamba India ndiyo inayolipa. Ushuru wa forodha hulipwa na mwagizaji, kwa serikali ya nchi mzigo unakoingia. Chukua kontena la fulana za pamba kutoka Tiruppur, ule mji wa Tamil Nadu unaoishi kwa viwanda vya nguo. Ankara inasema dola 100,000. Fulana ya pamba ikiingia Marekani ina ushuru wake wa zamani wa asilimia 16.5. Juu yake weka asilimia 25 iliyoanza tarehe 7 Agosti 2025, halafu 25 nyingine iliyoanza tarehe 27 Agosti kama adhabu ya kununua mafuta ya Urusi. Mwagizaji wa New York anatakiwa kutoa dola 66,500 kabla hajauza hata fulana moja. Anafanya nini? Anampigia simu mwenye kiwanda Tiruppur amwambie apunguze bei. Mwenye kiwanda hawezi kupunguza kiasi hicho hata akiacha faida yake yote. Basi oda inayofuata inakwenda Bangladesh au Vietnam, ambako nyongeza mwaka 2025 ni asilimia 20, na binti wa cherehani aliyekuwa akilipwa kwa kipande anaambiwa asubiri nyumbani. Wafugaji wa kamba wa Andhra Pradesh na wakata almasi wa Surat wamekumbwa na hayohayo. Lakini dawa na simu za mkononi hazikuguswa, na hapo ningekuwa wewe ningepiga mstari. Marekani ilitoza kile inachoweza kukipata kwingine, ikaacha kile isichoweza kukikosa.

Sasa tuje kwenye urafiki. Mimi sidhani palikuwa na urafiki wa kuvunjika. Tangu India ipate uhuru mwaka 1947, kila moja imekuwa ikiihitaji nyingine kwa jambo fulani na kwa kipindi fulani, na yule aliyekuwa na haja kubwa zaidi ndiye aliyelipa. Unasema demokrasia ingepaswa kuwalainisha. Naona imefanya kinyume. Wafalme wawili wanaweza kumaliza mambo yao kwa jioni moja, lakini rais wa Marekani akikaa mezani ana wakulima wa Iowa nyuma ya kiti chake, na waziri mkuu wa India ana wafugaji wa Gujarat nyuma ya chake. Wote wawili wanajua tarehe ya uchaguzi ujao.

Wenzako darasani wataanza na waziri mkuu Nehru kuzuru Washington mwaka 1949, waende kwenye mkutano wa Bandung 1955, waeleze kutofungamana na upande wowote. Waache waende. Wewe anza na tumbo.

Mwaka 1954 Marekani ilipitisha sheria inayojulikana kwa kifupi kama PL-480. Wakulima wake walikuwa wakivuna ngano kuliko walivyoweza kuuza, na serikali ilikuwa ikiinunua na kuirundika maghalani. Sheria hiyo ikaruhusu ngano iuzwe kwa nchi maskini kwa sarafu ya nchi hizohizo. India ikawa inalipa kwa rupia, kwa sababu dola haikuwa nazo. Rupia zikaingia kwenye akaunti ya Marekani humohumo India, zikajaa kupita kiasi, hata mwaka 1974 balozi Daniel Patrick Moynihan akaandika hundi moja ya rupia zaidi ya bilioni 16 kuirudishia India sehemu kubwa ya fedha hizo. Hundi hiyo iliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Nakwambia haya kwa sababu sijui kisa kingine ambapo mdai alishindwa pa kupeleka fedha alizolipwa.

Kwa miaka kumi hivi mpango huo ulionekana neema. Mkataba wa mwaka 1960 peke yake uliahidi tani milioni 16 za ngano kwa miaka minne. Halafu mvua zikakatika, 1965 na tena 1966, na Bihar ikaingia kwenye njaa. Hapo ndipo Rais Lyndon Johnson alipoishika ngano mkononi mwake. Hakukataa kuitoa. Aliitoa kidogokidogo, shehena baada ya shehena, akiidhinisha yeye mwenyewe. Kwanza alitaka India ibadili sera zake za kilimo. Pili, alikuwa amechukizwa na viongozi wa India waliokuwa wakilaani hadharani mabomu ya Vietnam. Wahindi wakawa wanasema nchi yao inaishi kutoka melini hadi mdomoni. Waziri mkuu Indira Gandhi, akiwa na miezi miwili tu madarakani, alikwenda Washington Machi 1966. Juni mwaka huo rupia ikashushwa kutoka 4.76 hadi 7.50 kwa dola moja, jambo ambalo wafadhili walikuwa wakilidai, na uchaguzi wa 1967 chama chake kikapoteza viti vingi na serikali kadhaa za majimbo.

Sisi tuliokula unga wa yanga tunaelewa kitu ambacho maprofesa wako hawatakuandikia ubaoni. Yale mahindi ya njano ya msaada wa Marekani yalipokuja tuliyala, na tuliomba yazidi. Lakini gunia lilikuwa na picha ya mikono miwili iliyoshikana, na kila mtoto aliyetumwa dukani alijua mkono upi ni wa nani. Taifa zima likila hivyo kwa miaka kumi, halafu likapimiwa kwa kibaba kwa sababu ya maneno ya viongozi wake, halisahau.

Na ajabu ni kwamba dawa ya aibu hiyo nayo ilitoka kwa Mmarekani. Norman Borlaug, mwana wa mkulima wa Iowa, alikuwa Mexico akifanya utafiti wa ngano kwa fedha za wakfu wa Rockefeller. Alikuwa amepata ngano fupi, yenye shina gumu lisiloanguka hata ikilishwa mbolea nyingi. Pale Delhi M. S. Swaminathan aliiona faida yake mapema, waziri wa kilimo C. Subramaniam akaipigania mbele ya wenzake waliokuwa na mashaka, na mwaka 1966 India ikaagiza tani 18,000 za mbegu kutoka Mexico. Mavuno ya ngano yaliyokuwa tani milioni 12 hivi mwaka 1965 yakafika karibu milioni 17 mwaka 1968. Punjab walikosa pa kuyaweka, shule zikafungwa ili madarasa yawe maghala, na serikali ikatoa stempu ya posta kusherehekea. Vyuo vikuu vya kilimo vya India, kama kile cha Ludhiana na kile cha Pantnagar, vilijengwa kwa msaada wa vyuo vya Marekani vya Ohio na Illinois. Usije ukaandika kwamba Marekani ilikuwa mkandamizaji tu. Mkono uliopima ngano kwa kibaba na mkono uliofundisha kulima ni wa nchi moja, na kwa miaka ile ile.

(Hapo ulipo kuna ukumbusho mwingine wa enzi hizo. Gugu karoti, hilihili linalowatesa wakulima wetu wa Arusha, huko India lilionekana mara ya kwanza Pune katikati ya miaka ya 1950, na Wahindi wengi wanaamini liliingia limejificha kwenye ngano ya Marekani. Angalia kando ya reli utaliona. Usiliguse, linawasha.)

Miaka iliyofuata unaweza kuipita haraka, ila usiuruke mwaka 1971. Jeshi la Pakistan lilikuwa likiua watu Pakistan Mashariki, na mamilioni ya wakimbizi walikuwa wamevuka kuingia India. Balozi mdogo wa Marekani Dhaka, Archer Blood, na wenzake walipeleka simu ya maandishi kwa wakubwa wao kupinga ukimya wa serikali yao. Rais Nixon na mshauri wake Kissinger hawakusikia, kwa kuwa walikuwa wakiihitaji Pakistan iwafungulie mlango wa kwenda China. Agosti India ikasaini mkataba na Muungano wa Kisovieti. Desemba vita kati ya India na Pakistan vilipopamba moto, Marekani ikapeleka manowari kubwa ya kubebea ndege, Enterprise, kwenye Ghuba ya Bengal kuitisha India. Demokrasia moja ilisimama na jenerali aliyetawala Pakistan dhidi ya demokrasia nyingine. Ukimuuliza Mhindi wa rika langu kwa nini nchi yake haiwezi kuitupa Urusi kwa amri ya Washington, atakutajia meli hiyo kabla hajataja bei ya mafuta.

Kisa cha nyuklia kinataka nafasi zaidi, maana kinaonyesha jinsi sheria inavyopindishwa pale haja inapogeuka. Mei 1974 India ililipua bomu lake la kwanza la majaribio pale Pokhran, jangwani Rajasthan. Mataifa yanayouza vifaa vya nyuklia yakaunda umoja wao, Marekani ikiwa mbele, kwa kusudi la kuzuia jambo kama hilo lisitokee tena. Sheria mpya ya Marekani ya 1978 ikakata mafuta ya kinu cha Tarapur, kinu kilichojengwa na General Electric ya Marekani yenyewe. India ikabaki nje ya mlango kwa zaidi ya miaka 30. Ililipua tena Mei 1998, ikawekewa vikwazo.

Halafu China ikakua, na haja ikahama. Machi 2000 Bill Clinton alizuru India, rais wa kwanza wa Marekani kufanya hivyo kwa miaka 22. Julai 2005 George W. Bush na Manmohan Singh walitangaza kwamba Marekani itaiuzia India teknolojia ya nyuklia ya kiraia ingawa India haijasaini mkataba wa kuzuia uenezaji wa silaha za nyuklia. Septemba 2008 umoja uleule ulioundwa kwa sababu ya India ukaipa India ruhusa ya pekee. Kwa upande wa India mambo hayakuwa mepesi: vyama vya mrengo wa kushoto viliiacha serikali ya Singh, na Julai 2008 ilinusurika bungeni kwa kura 275 dhidi ya 256.

Ungetegemea vinu vya Marekani vianze kuota kila pwani ya India. Mpaka leo ninapokuandikia, hakuna hata kimoja kilichojengwa kutokana na mkataba ule, na sababu yake iko Bhopal. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 gesi ya sumu ilivuja kutoka kiwanda cha Union Carbide, kampuni ya Marekani, ikaua maelfu ya watu usingizini na wakikimbia. Mkuu wa kampuni, Warren Anderson, alikamatwa alipofika India, akaachiwa kwa dhamana, akapanda ndege kurudi kwao na hakurudi tena mpaka alipofariki mwaka 2014. Fidia ilimalizwa mwaka 1989 kwa dola milioni 470. Kwa hiyo bunge la India lilipotunga sheria ya dhima ya ajali za nyuklia mwaka 2010, lilitaka hata aliyeuza mtambo aweze kudaiwa. Kampuni za Marekani zikaisoma sheria hiyo zikarudi nyuma. Wanadiplomasia walipatana wakamaliza, lakini wabunge waliwakumbuka wafu wa Bhopal. Ndiyo maana nasema demokrasia haiwarahisishii kazi hata kidogo. Na katika hili nawaunga mkono wabunge.

Nikuchekeshe kidogo kabla hatujafika mwaka huu. Kwa miaka 18 maembe ya India yalikuwa hayaruhusiwi Marekani kwa hofu ya wadudu, na pikipiki za Harley-Davidson zilikuwa zikigonga ukuta wa kanuni na ushuru wa India. Mwaka 2007 wakabadilishana. Maembe yakapigwa mionzi yakaingia Marekani, na pikipiki zikafunguliwa mlango India. Ushuru lakini haukuondoka, na Trump katika muhula wake wa kwanza aliulalamikia kila alipopata kipaza sauti. Harley ilifunga kiwanda chake India mwaka 2020. Maembe yangali yanakwenda.

Muhula huo wa kwanza unakufundisha pia usiamini shangwe. Juni 2019 Marekani iliiondolea India unafuu wa ushuru uliotolewa kwa nchi zinazoendelea, na mwezi huohuo India ikapandisha ushuru wa lozi, tofaa na bidhaa nyingine za Marekani. Septemba mwaka huohuo Trump na waziri mkuu Modi walishikana mikono mbele ya umati uliojaza uwanja wa Houston. Wapigapicha walifurahi. Ushuru wa lozi ulibaki palepale mpaka 2023.

Sasa mwaka 2025. Modi alikwenda Washington Februari akiwa amekwishapunguza ushuru wa pikipiki kubwa na wa wiski ya Marekani, na wakakubaliana biashara kati yao ifike dola bilioni 500 ifikapo 2030. Mwaka 2024 biashara ya bidhaa ilikuwa kama bilioni 129. Marekani ilinunua za karibu bilioni 87 na kuuza za karibu bilioni 42, na pengo hilo ndilo linalomkera Trump. Wajumbe wakaanza kukutana. Mei yakatokea mapigano ya siku nne kati ya India na Pakistan, baada ya watalii kuuawa Pahalgam, Kashmir. Trump akatangaza kwamba yeye ndiye aliyeyasimamisha. Delhi ikakana, ikasema majeshi mawili yalizungumza yenyewe. Pakistan ikampendekeza Trump kwa tuzo ya Nobeli ya amani, na mkuu wa jeshi lake akaalikwa chakula cha mchana Ikulu ya Marekani. Waziri mkuu wa India akijitokeza mbele ya wapiga kura wake na kukiri kwamba rais wa nje ndiye aliyemsimamishia vita vya Kashmir, hana siasa tena. Trump hakutaka kuliona hilo, au aliliona akalipuuza.

Kuhusu mafuta ya Urusi, kuwa mwangalifu. Kabla ya vita vya Ukraine India ilikuwa ikinunua huko chini ya asilimia 2 ya mafuta yake. Baada ya 2022 yakawa zaidi ya theluthi moja, kwa kuwa Urusi iliyauza kwa punguzo. India ilifaidi, na wenye viwanda vya kusafisha mafuta walifaidi zaidi. Hilo liandike bila haya. Lakini China inanunua mengi zaidi na haikupewa adhabu hiyo. China ina madini adimu ambayo viwanda vya Marekani haviwezi kukaa bila hayo. India ilikuwa na fulana na kamba.

Yote hayo yangeweza kupata dawa kama si maziwa. Hapa ndipo nataka uandike kurasa nyingi. Wamarekani wanataka kuuza India maziwa, mahindi na soya. Mwaka 2025 walikuwa na haraka zaidi, kwa sababu kuanzia Mei China iliacha kununua soya yao. Waziri wao wa biashara amehoji hadharani kwa nini nchi yenye watu bilioni 1.4 hainunui mahindi ya Marekani. India inajibu kwamba hairuhusu mazao ya chakula yaliyobadilishwa vinasaba, na mahindi na soya ya Marekani mengi ni hayo. Kwenye maziwa inadai cheti kwamba ng'ombe hakulishwa chakula chenye damu au nyama ya wanyama, jambo ambalo kwa Mhindu anayepeleka maziwa hekaluni si la kufanyia mzaha.

Lakini chini ya dini kuna hesabu. India ndiyo mzalishaji mkubwa wa maziwa duniani, na maziwa hayo hayatoki kwenye mashamba makubwa. Yanatoka kwa mama mwenye ng'ombe wawili au nyati mmoja, anayebeba ndoo asubuhi na jioni mpaka kituo cha ushirika cha kijiji. Mfumo huo ulikuzwa na Verghese Kurien kuanzia Anand, Gujarat, kwa jina la Amul, na Kurien huyo alisomea Michigan, Marekani. Shamba la Wisconsin lenye ng'ombe elfu moja na unga wa maziwa wa bei ya chini lingemfuta mama huyo sokoni kwa misimu michache. Hakuna chama India kinachoweza kutia saini hilo kikarudi kuomba kura.

Tarehe 7 Agosti, siku ileile asilimia 25 ya kwanza ilipoanza kutozwa, Modi alisimama Delhi kwenye mkutano wa kuadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwa Swaminathan, yuleyule wa ngano, akasema hatayaachia maslahi ya wakulima, wavuvi na wafugaji wake, hata kama yeye binafsi atalipa gharama kubwa. Mimi si shabiki wa Modi, na unajua kwa nini. Marekani yenyewe ilimnyima viza mwaka 2005 kwa sababu ya mauaji ya Gujarat ya 2002, ikamkumbatia alipokuwa waziri mkuu mwaka 2014, na hilo nalo lina funzo lake juu ya haja. Lakini siku ile alizungumza kama mtu anayekumbuka 1966. Mwisho wa Agosti alikwenda Tianjin, safari yake ya kwanza China kwa miaka saba, akapigwa picha na Xi na Putin. Septemba Trump akaweka ada ya dola 100,000 kwa viza mpya za H-1B, ambazo zaidi ya asilimia 70 huchukuliwa na Wahindi. Wenzako wa uhandisi hapo Pune bila shaka hawazungumzi kingine.

Umeniuliza mwishoni kama haya yanatuhusu. Yanatuhusu tangu zamani. Sultani Said alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi mdogo wao, Richard Waters, akafika Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walileta kitambaa cha merikani wakaondoka na pembe na sandarusi, na aliyekuwa akishika forodha ya Sultani ni nyumba ya Kihindi ya Jairam Shivji. Bila kupatana na nyumba hiyo Mmarekani hakuuza kitu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861 merikani ikaadimika, na vitambaa vya Bombay vikachukua nafasi yake sokoni Unguja. Ugomvi wa mbali ulibadilisha nguo iliyobebwa na misafara mpaka Ujiji.

Oktoba hii ya 2025 mizani ni ileile. Oda zilizokimbia Tiruppur zingeweza kutua Athi River au Dar es Salaam, kwa kuwa nyongeza ya Kenya na Tanzania ni asilimia 10 tu. Lakini AGOA, sheria ya Marekani iliyosamehe ushuru bidhaa za Afrika, ilifika kikomo tarehe 30 Septemba 2025, na fulana yetu ya pamba ikaanza kulipa ile 16.5 ya zamani iliyokuwa imesamehewa, jumla 26.5. Hata hivyo tulibaki chini ya India kwa mbali. Bila AGOA, sijui wenye viwanda wa Kenya wangeshindanaje na Bangladesh yenye vitambaa na bandari zilizozoea kazi hiyo.

Na kuna jambo moja kubwa ambalo hao wawili walilifanya pamoja, na waliofaidi ni sisi. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya Mumbai, chini ya Yusuf Hamied, ilitangaza kuuza dawa za kufubaza UKIMWI kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati dawa hizohizo za kampuni kubwa zilikuwa zaidi ya dola 10,000. Mwaka 2003 Bush akaanzisha PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Mwanzoni Wamarekani walisita kununua dawa za India, wenye hataza wakiwavuta shati. Kisha mamlaka yao ya dawa ikaanza kuzikagua na kuzipitisha, na ndani ya miaka michache sehemu kubwa ya vidonge vilivyonunuliwa kwa fedha za Marekani ilikuwa imetengenezwa India. Fedha ya mmoja na kiwanda cha mwingine. Mama yako mdogo wa Muheza yu hai leo kwa vidonge hivyo, na hakuna tamko la viongozi wala picha ya Houston iliyofanya kazi kama hiyo. Utashangaa jinsi kisa hiki kisivyotajwa kwenye vitabu vya uhusiano wa India na Marekani. Kitaje wewe.

Kwa hiyo kwenye insha yako futa ile sentensi ya kwanza inayosema marafiki wamekosana. Kwa kila mwaka unaoutaja, jiulize nani alikuwa na haja kubwa zaidi na nani alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Usitabiri mkataba utasainiwa lini. Oktoba hii ya 2025 wajumbe bado wanakwenda na kurudi, na mimi nimeona mizigo ikitolewa siku ambayo kila mtu alikuwa amekata tamaa. Likizo ikifika panda basi uende Baramati, si mbali na hapo, ukae asubuhi moja kwenye kituo cha maziwa cha ushirika. Waulize wenye ndoo wanalipwa rupia ngapi kwa lita, na kama wamewahi kusikia jina la Wisconsin. Majibu yao yaandike kama yalivyo, halafu unitumie rasimu kabla hujamkabidhi mwalimu.

Mjomba wako